Mhariri, yule wa kwenye picha hakuwa mwewe

Mhariri salaam. Naandika hii barua nikiwa kwenye foleni Tunduma, leo siku ya pili, gari halijasogea tangu jana saa kumi jioni kwaiyo muda ninao, naomba univumilie maana itakuwa ndefu. Gazeti lako nalisoma kila nikilipata, mara nyingi nalikuta limeshachelewa siku mbili tatu pale kwenye mgahawa ninapokulaga Makambako, na ndo hivyohivyo nimeikuta ile picha mliyotoa, ya kijana ameshika ndege mkubwa mweusi kwa mabawa, amemtandaza kama shuka, na chini mmeandika kwamba ni mwewe msumbufu aliyekuwa anamaliza vifaranga vya wanakijiji na sasa wamepumzika. Kijana anacheka kwenye picha. Mi sikucheka.

Yule hakuwa mwewe. Na sio kwamba walikuwa wanafanana mtu ukapitiwa, hapana, hawafanani hata kidogo. Kichwani alikuwa na kishungi, manyoya marefu yale yaliyolala upande mmoja kwasababu ameshakufa, na kwenye kila bawa karibu na ncha mmepiga wenyewe picha ya lile doa jeupe kubwa, kama kioo cha dirisha. Mwewe hana kishungi, mwewe hana dirisha. Yule ni tai mwenye kishungi, sisi barabarani tunamwita tai wa kiduku, na chakula chake karibu chote ni panya. Sio vifaranga, panya. Yani watu wamemuua askari wao wa ghala la mahindi alafu nyie mkawapa na pongezi gazetini.

Kabla hujauliza dereva wa semi kayajulia wapi mambo ya ndege nikwambie kabisa. Nilianza kama tingo, leo nina miaka 19 kwenye barabara hii ya Dar mpaka Tunduma na kuendelea mbele, na mtu anayekaa kwenye kebini juu vile anaona vitu ambavyo mwenye gari dogo havioni, nguzo na miti ya pembeni inakuja usoni kwako moja moja. Mwaka 2014 springi ilikatika nikiwa katikati ya Mikumi, ndani ya hifadhi kabisa, pale huruhusiwi kushuka ukazurura, kwaiyo mimi na tingo wangu tukakaa kebini siku nzima tunamsubiri fundi atoke Morogoro na kitu pekee cha kuangalia kilikuwa ni swala aliyegongwa usiku na wageni waliokuja kumla. Asubuhi nilikuwa nasema wote hao ni tai. Kufika jioni nimehesabu aina tano, kila mmoja na umbo lake na tabia yake, na sina jina la hata mmoja. Iliniuma bana, maana mimi gari likipita nimefumba macho nakwambia hii ni Scania na injini imechoka. Safari iliyofuata nikanunua darubini ya mtumba Kariakoo, jicho la kushoto lina ukungu, mpaka leo ndo hiyohiyo.

Sasa mhariri kosa lenu ni kosa la kila mtu, silisemi kwa kuwaonea. Sisi bara kila chenye kucha kikipita juu ni mwewe, kikiwa kikubwa kidogo ni tai, basi, maneno mawili tumemaliza anga lote. Wakati lugha yenyewe ina majina ya kutosha, kuna mwewe, kuna kipanga, kuna kozi, kuna pungu, kuna tumbusi, kuna kwazi au furukombe kama unavyomwita, wazee wa Pwani ukikaa nao wanakutajia bila kufikiri ila sisi tumeyaweka kabatini. Na mtu akianza kujifunza anakosea palepale mwanzo, anaangalia rangi. Rangi inadanganya. Ndege akiwa juu na jua liko nyuma yake wote ni weusi, na watoto wa hawa ndege karibu wote ni kahawia kahawia wenye michirizi, hawafanani na baba wala mama. Mtazame pungu wa Mikumi, mkubwa ni mweusi, uso mwekundu na miguu myekundu kama amechovya kwenye mchuzi, huwezi kumkosea, lakini mtoto wake ni kahawia mwili mzima na inapita miaka zaidi ya mitano ndo anavaa zile nguo za mzazi. Miaka yote hiyo watu wanamwita mwewe.

Mi naanzaga na mkia. Mkia ndo namba ya gari.

Tuanze na mwewe mwenyewe, maana hapa nilipo wako juu ya lile jaa la taka kama ishirini wanazunguka. Ana rangi ya kahawia, mwembamba, mdomo wa njano akishakuwa mkubwa, na mkia wake una panda kama mkia wa samaki. Mwangalie anavyoutumia, kichwa na mabawa viko palepale ila mkia unapinda huku, unapinda kule, muda wote, ni usukani kabisa, hakuna ndege mwingine wa saizi ile namjua anakata kona kwa mkia namna hiyo. Akiutandaza wote ile panda inapotea, mkia unanyooka, kwaiyo usimwangalie sekunde moja ukaondoka. Jana tingo wangu kanunua mishkaki miwili na ndizi ya kuchoma, kasimama kwenye ngazi ya kebini anaongea na simu, mkono wenye mishkaki kaunyoosha pembeni hivi. Sikusikia chochote. Nimeona kivuli kwenye kioo cha pembeni, alafu tingo anapiga kelele na mkononi kimebaki kijiti na kipande kimoja cha mwisho. Ndege wala hakutua mahali, kakunja mguu mbele, kala angani hukohuko anaenda. Wenzetu wa magari ya nyuma wamecheka mpaka wamekaa chini. "Suka, huyu kanikwangua kidole," ananiambia, nikamwambia huyo sasa ndo mwewe, mjue vizuri, siku nyingine usimsingizie mwingine.

Huyo ndo mla vifaranga wa vijijini kwa kiasi kikubwa, simtetei. Anakula mizoga, anakula kumbikumbi, anakula taka, na kifaranga akikiona kiko peke yake anakibeba. Ila ndo huyo mwenye panda mkiani.

Sasa nenda mbele, toka Mafinga uje Makambako, baridi ile, mashamba ya chai na misitu ya mipaina, angalia kwenye nguzo. Utamkuta kakaa mnene, kifua cheupe, mgongo mweusi, na mkia mfupi mwekundu wa rangi ya tofali la kuchoma. Akiruka mbele yako ule mkia unawaka. Mi na tingo tunamwita Breki, kwasababu ya taa ya nyuma. Mabawa yake ni mapana sana ukilinganisha na mkia, akiwa juu anaonekana kama kipande cha kanga kilichopeperuka. Huyu naye anakula panya, fuko, mijusi, nyoka, na kuna wengine wa jamii hiyohiyo ambao ni weusi mpaka kifuani, mtu anadhani ni ndege tofauti, hapana, geuka nyuma angalia taa ya breki, ni yuleyule. Watoto wao mkia bado wa kahawia. Na hukohuko ndo anakaa tai wa kiduku mliyemtoa kwenye picha, yeye anapenda mti mkavu au nguzo ya pembeni ya shamba, anakaa hata saa nzima anatazama chini, upepo ukipiga kishungi kinasimama chote kama kijana aliyetoka saluni. Akiruka unaona yale madirisha mawili meupe, hata kwa darubini yangu yenye ukungu nayaona toka mbali.

Naomba nikwambie kwanini hii picha imeniuma kuliko kawaida. Mama yangu anakaa kijijini, unaiacha barabara ya Makambako kwenda Njombe unaingia ndani kidogo. Mwaka juzi nimepitia kumsalimia nimekuta mtoto wa dada yangu, wakati huo ana miaka 12, kamtundika ndege kwenye mparachichi kwa kamba ya miguu, anang'aa uso. "Anko nimemuua mwewe wa bibi!" Kampiga kwa manati, jiwe moja, kichwani. Kwenye matetea ya mama kulikuwa na mmoja aliyetotoa vifaranga 11 wakawa wamebaki saba, na kila siku mama analalamika mwewe mwewe, mtoto kaona ndege mkubwa kakaa kwenye mti mkavu nyuma ya ghala siku ya tatu mfululizo, kajiongeza. Sikumgombeza. Nilimwambia shusha, lete kisu na gazeti tandika hapa (sio la kwako mhariri, lilikuwa la michezo).

Tukamlaza chali. Miguu ina manyoya mpaka chini kama amevaa soksi nyeupe chafu, macho bado ya njano yamebaki wazi. Nikapasua pale chini ya shingo chakula kinapokaa kabla ya kushuka tumboni, kulikuwa kumevimba. Kukatoka panya mzima, kichwa hakipo, mkia umejikunja kama waya. Alafu mwingine, huyo ameshalainika. Tumboni chini kabisa ni manyoya ya kijivu yameshikamana kama pamba iliyoloa na vimifupa, na meno ya panya yale marefu ya njano, nikamhesabia mtoto mkononi. Hakuna unyoya hata mmoja wa kifaranga. Mama alikuwa kasimama mlangoni, kaziba mdomo na kanga, alafu akasema taratibu, "Ndo maana huyu alikuwa anakaa pale ghalani." Mtoto akaanza kulia. Basi nikajuta na mimi kupasua mbele yake, ila nadhani bila kuona asingeamini.

Swali la mama likawa zuri, sasa vifaranga vyangu anakula nani? Nilikuwa na mapumziko ya siku mbili gari liko gereji, nikasema kesi hii tuifanyie upelelezi. Nikakaa na mtoto chini ya mparachichi na darubini. Siku ya kwanza saa kumi na moja jioni kaja mwewe, mkia wa panda, kazunguka mara mbili, kafagia uani kaondoka na kifaranga mmoja, mama kapiga mayowe na mwiko juu, kimeshapita. Huyo mmoja. Kesho yake asubuhi bado kuna umande hatukuona chochote kikizunguka juu, ghafla kutoka nyuma ya miti ya jirani katokea ndege anapita chini chini kama risasi, usawa wa kiuno, mabawa mafupi ya mviringo, mkia mrefu wenye mistari, mweusi juu mweupe chini, kapita katikati ya banda na choo, kelele za kuku, kaenda. Mtoto kasema "Breki!" kwasababu ni mweusi juu mweupe chini. Nikamwambia umeona mkia? Akafikiri, akasema mrefu. Na rangi nyekundu umeiona? Hakuna. Basi huyo sio Breki, huyo ni kipanga, yule mkubwa wa msituni, anayekula zaidi njiwa na ndege wenzake na kuku akimpata hamwachi. Breki hawezi kupita kati ya banda na choo kwa spidi ile, mabawa yake ni mapana mno, ni sawa na mimi nilete semi kwenye uchochoro wa Manzese. Umbo linakwambia kazi ya mtu. Mabawa mafupi na mkia mrefu ni wa kukata kona kwenye miti, mabawa marefu mapana ni wa kuelea juu, mabawa membamba yenye ncha kama mundu ni kozi, huyo ni wa mbio tu sehemu ya wazi.

Na wa tatu mhariri, usiku wa siku ileile, alikuwa ni paka wa jirani. Tumemmulika na tochi kifaranga kiko mdomoni. Jirani mpaka leo anasema sio paka wake.

Kwaiyo kati ya wezi watatu mmoja hata hana mabawa, na aliyeuawa hakuwemo. Mama sasa hivi vifaranga anavifunika na tenga mpaka vipate manyoya ya mabawa, vikitoka vinatokea karibu na kichaka cha mahindi sio uwanjani katikati, na huyo kipanga na mwewe bado wapo wanapita na maisha yanaendelea. Panya ndo walizidi, ule mwaka ghala lilitobolewa magunia mawili, mama anasema ni kwasababu ya manati, mi sisemi, panya wana miaka yao.

Nirudi kwenye tai maana huko nako kuna fujo. Ukiona mkusanyiko kwenye mzoga Mikumi, wengi wa pale ni tumbusi. Tumbusi shingo haina manyoya ya maana, mabawa yake ni mapana kama mlango, mkia mfupi, kichwa akiwa angani kinajificha ndani ya mabega hukioni. Yupo mmoja mkubwa kuliko wote, kichwa cha nyama nyekundu nyekundu kina mikunjo na mapaja yana manyoya meupe kama kavaa pensi, akitua wengine wanapisha. Sasa mara ngapi nimesikia watu wanasema tumbusi kabeba mtoto wa mbuzi? Tumbusi hana uwezo wa kubeba, kucha zake ni butu, mguu wake ni wa kutembelea kama wa kuku, sio wa kukamata. Atakula mbuzi aliyekufa, ndio, na atammaliza kabla hajaoza, hapo ameshakusaidia. Lakini mfugaji aliyepoteza mbuzi usiku kwa fisi anaamka asubuhi anakuta tumbusi juu ya mzoga, kesi imeisha, anatia sumu kwenye mabaki. Mwaka 2019 mwezi wa sita tulikuwa tunasubiri kuvuka Kazungula, mpakani mwa Zambia na Botswana, kipindi hicho bado tunavuka kwa pantoni daraja halijafunguliwa, redio ikasema Botswana wamekuta tumbusi 537 wamekufa mahali pamoja kwa sumu iliyowekwa kwenye mizoga ya tembo watatu, na wawindaji haramu wanafanya hivyo kwasababu tumbusi wakizunguka juu wanawaonyesha askari mahali mzoga ulipo. Mia tano thelathini na saba. Tumbusi anataga yai moja tu, piga hesabu mwenyewe. Madereva wengi pale walisema afadhali, ndege wachafu wale. Nilinyamaza, siku hiyo sikuwa na nguvu za kubishana.

Anayeweza kweli kubeba mbuzi mchanga ni yule tai mkubwa kuliko wote Afrika, na huyo kumwona ni bahati, mi kwa miaka yote hii nina hakika naye mara nne. Kichwa na kifua kahawia cheusi, tumbo jeupe lenye madoa madoa meusi kama kanyunyiziwa oili chafu, na miguu ina manyoya mpaka kwenye vidole. Shida ni kwamba kuna pacha wake wa uongo, tai mla nyoka, naye kichwa na kifua cheusi tumbo jeupe, huko Ruaha Mbuyuni kwenye mibuyu namwona mara nyingi. Watu wanamuua wakidhani ni yule wa mbuzi. Angalia tumbo, mla nyoka hana doa hata moja, jeupe tupu. Angalia miguu, iko wazi haina soksi. Akiwa angani chini ya mabawa ni meupe, wakati yule mkubwa chini ya mabawa ni giza. Vitu vitatu, ukipata viwili umeshajua. Huyu maskini anakula nyoka mchana kutwa, mwenyewe nimemwona na nusu ya nyoka inaning'inia mdomoni nyingine ameshameza, anaruka nayo hivyohivyo kama mtu anakunywa tambi.

Pungu nimeshamtaja ila sijasema jinsi ya kumjua kwa mbali. Mkia karibu hana. Akiwa juu unaona mabawa tu marefu, na miguu inachungulia nyuma ya kale kamkia, na hapigi mabawa, anayumba, kushoto kulia kushoto kulia kama tela lisilo na mzigo kwenye upepo wa Makambako. Jike bawa lake kwa chini ni jeupe lina mstari mwembamba mweusi nyuma, dume ule mweusi ni mpana. Mikumi anashuka barabarani kula waliogongwa, na ndo maana na yeye anagongwa, wenzangu punguzeni mwendo pale jamani, vibao vimewekwa sio mapambo. Mwaka 2020 IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, walimhamishia kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, yeye na yule tai mkubwa wa madoa, mwaka mmoja. Na kwazi hahitaji maelezo, kichwa cheupe, tumbo la rangi ya kahawia nyekundu, yuko kando ya maji, akilia anarusha kichwa nyuma. Mi hapa nilipo nikiinua macho namwona kwenye bendera ya Zambia ng'ambo ya geti, ndege pekee ambaye tingo wangu hakosei.

Kitu kimoja cha mwisho kuhusu misimu maana watu wanachanganyikiwa. Mvua za mwaka mpya zikianza, Desemba Januari huko juu, kumbikumbi wakitoka utaona vindege vidogo vya mabawa ya mundu vinazunguka mamia kwa mamia, dume wa kijivu na mapaja mekundu ya tofali, miguu myekundu. Hao ni kozi wadogo wa Amur, wageni wanaotokea Mongolia na kaskazini ya China, wanapita India alafu wanavuka Bahari ya Hindi mpaka kwetu na kuendelea kusini, na mmoja hana hata robo kilo. Kule Nagaland India mwaka 2012 watu walikuwa wanawatega kwa nyavu maelfu kwa maelfu kwa ajili ya kula, mwaka uliofuata vijiji vyenyewe vikakaa vikaacha. Mwezi huohuo kuna tai wa kahawia wakubwa nao wametoka Asia, unawakuta wametua shambani wanatembea wanadona kumbikumbi kama kuku. Mtu anasema tai gani anakula kumbikumbi. Wapo, nenda ukaangalie, pembe ya mdomo wake inafika mpaka mwisho wa jicho kama anatabasamu.

Sasa ombi langu. Itoeni tena ile picha, palepale ilipokuwa na ukubwa uleule, mwandike ni tai wa kishungi mla panya, na mseme mlikosea. Na mjue kuua mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 na ndege yumo humohumo, kwaiyo yule kijana mmempiga picha ya ushahidi wake mwenyewe, ningekuwa yeye nisingecheka. Sitaki akamatwe, simaanishi hivyo, hakujua, kama mtoto wa dada yangu hakujua. Ila nyie mna mpigapicha na mna mtandao na mna simu, kabla ya kuandika jina la ndege pigeni hata simu moja ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Mkitoa picha ya mbunge mkaandika jina la mbunge mwingine kesho yake mnaomba radhi ukurasa wa mbele.

Nilikuwa nataka kuishia hapo lakini simu imeingia sasa hivi naandika. Ni yule mtoto, yuko kidato cha kwanza siku hizi, manati alishatupa, ana daftari la kaunta anaandika kila ndege wa kwenye njia ya kwenda shule.

"Anko shikamoo. Leo wako wawili nguzo ya tatu kutoka kisimani. Mmoja Breki. Mwingine amefanana naye ila mkia kahawia, kifua kina michirizi, niandike nani?"

Nikamuuliza wamekaaje. Akasema karibu karibu, na yule wa kahawia analia lia muda wote na Breki hamfukuzi.

"Sasa we unadhani ni nani?"

Kimya. Nasikia karatasi zinafunuliwa. Alafu akasema, "Ni mtoto wake." Nikamwambia andika.

Foleni imesogea magari mawili, ngoja niwashe.

Ni mimi msomaji wako, dereva wa semi, Makambako.